Silinda ya Tatu Haikuwa Yangu

Sitaficha kitu: mimi, ambaye kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wa parokia yetu hapa Likasi fadhila ya unyenyekevu, niliyekemea kiburi darasani, mimbarini na hata misibani, niliaibishwa na kifaa kisichozidi ukubwa wa kiberiti, mbele ya bibi harusi, fanfari (bendi yetu ya tarumbeta) na kanisa zima.

Kifaa chenyewe nilikinunua sokoni. Unakichomeka chini ya usukani, kinazungumza na simu bila waya, nayo simu inakuandikia ugonjwa wa injini kwa namba (na maelezo yake kwa Kifaransa, ambayo mtu aliyesoma kama mimi hahitaji kufafanuliwa na fundi, au ndivyo nilivyojidai). Jumamosi hiyo nilikuwa parrain, msimamizi wa ndoa ya Nadège, na gari langu ndilo lililopaswa kumtoa kwao mtaa wa Panda hadi kanisani. Padri alikuwa ameonya: misa ni saa nne kamili, atakayechelewa atangoja Jumamosi nyingine. Saa tatu na robo, magari ya msafara yamebanana uani yakinguruma, langu likiwa mbele kabisa langoni, taa ya injini ikawaka.

"Parrain, tuite mécanicien, iko hapa tu ku kona," alisema Nadège, ameketi nyuma na shela lake.

"Binti yangu, fundi hubahatisha. Sayansi haibahatishi."

Nikafungua simu: silinda ya tatu haichomi. Nikaifuta namba, ikarudi. Nikaifuta tena, ikarudi. Basi nikavua koti, nikafungua boneti, nikaivuta bobini ya silinda ya tatu (kile kidude kinachopeleka umeme kwenye plagi) kwa nguvu za mtu mwenye hakika, kishikizo chake kikanivunjikia mkononi, nikairudisha hivyo hivyo, nikawasha, na gari lililokuwa likinguruma kwa adabu tangu asubuhi likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria.

"Umeona?" nikasema. "Ugonjwa umejitokeza."

Papa Ilunga, mjomba wa bwana harusi, ambaye gari lake lilikaribia kugusana na langu, akazima injini yake ili asikilize. Nadège alikuwa ameishika simu yangu.

"Parrain, moteur yako iko nalia, lakini telefone inasema zéro."

"Zéro ya nini?"

"Inasema moteur imezimika."

Papa Ilunga akawasha gari lake, namba za injini zikapanda kwenye simu yangu. Akazima, zikaanguka. Akapapasa chini ya usukani wake, akachomoa kifaa pacha wa changu, kutoka meza ile ile ya sokoni.

"Ndugu! Silinda ya tatu njo yangu, minye naijua tangu juzi! Weye ulikuwa nasoma motokari yangu!"

Safari hii simu ikaungana na kifaa changu. Namba ilikuwa moja tu: mvuke wa petroli unavuja. Kizibo cha tangi. Asubuhi sikukikaza.

Kwa kuwa nilikuwa nimeliziba lango, hakuna gari ambalo lingeweza kunipita, na muda wa kumhamisha bibi harusi haukuwepo, basi tukaondoka hivyo, silinda tatu kati ya nne, Nadège ameshikilia shela kwa mikono miwili, hadi kwenye mwinuko wa kanisa, ambao tulipaswa kuupanda, na ambapo injini ilikata tamaa. Fanfari wakashuka kwenye lori lao, wakaning'iniza tarumbeta shingoni, wakasukuma. (Mpiga ngoma hakuacha kupiga. Sijui alifanyaje.) Tuliingia zikiwa zimebaki dakika mbili, glavu nyeupe ya bibi harusi ikiwa na alama za grisi za vidole vyangu vitano.

Mwisho wa misa, parrain huwausia maharusi. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kuhusu subira. Nilitazama mikono yangu, nikazikunja kurasa.

"Wanangu," nikasema, "msitafute nyumbani kwenu magonjwa ya nyumba ya jirani. Mtavunja kilicho kizima."

"Amina!" akapaza sauti Papa Ilunga, na kanisa likaangua kicheko ambacho padri mwenyewe hakukizuia.

Tangu siku hiyo, taa ikiwaka, nashuka, namwita fundi, kisha nasimama pembeni, mikono mgongoni.