Kaltumi Huketi Juu ya Mshono Wake

Saa mbili asubuhi, mwalo wa Ggaba, kando ya ziwa jijini Kampala. Kaltumi Abudu anavua viatu, anaingia kwenye boti tupu na kuketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri chai. Chini yake unapita mshono mrefu wa mbao alioziba kwa mikono yake mwenyewe. Kopo la kuchotea maji limeachwa ufukweni makusudi.

Ndiyo desturi ya hapa. Anayeziba boti ndiye anayepanda kwanza, na hukaa pale pale alipoziba. Boti inapigishwa mzunguko ziwani na kurudi. Kisha fundi anasimama na kuwapa mgongo watu walioko ufukweni. Nguo ikiwa kavu, boti inaingia kazini. Ikiwa imelowa, boti inavutwa juu na maneno yanaanza.

Mafundi wengi huvaa suruali nyeusi siku hiyo, na hakuna asiyejua kwa nini. Kaltumi huvaa gurbaba, vazi la kujifunga la wanawake wa Kinubi, tena huchagua ya rangi ya maziwa, ambayo juu yake hata tone moja la maji halijifichi.

"Mimi nataka waone," anasema. "Kama iko mbaya, ionekane mbaya."

Leo watazamaji ni wengi kuliko kawaida, kwa kuwa boti ni ya Ajwang. Huyu ni mjane Mkenya, mzaliwa wa Siaya, anayenunua mukene, dagaa wa ziwa hili, katika visiwa vya Koome na kuwauza hapa Ggaba. Boti ndiyo mali pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mafundi wawili waliikagua, wakatikisa vichwa na kwenda zao. Opoka, mkaushaji wa samaki kwa moshi, alishatamka kwamba ataichukua kama kuni. Asubuhi hii amekuja na mkokoteni kabisa. Opoka si mtu mbaya, ila mbao iliyozeeka ziwani anaijua kwa jina moja tu.

Kwa hiyo jambo linaloamuliwa hapa ni jepesi kulieleza. Gurbaba ya Kaltumi ikilowa, Ajwang anarudi kuwa mchuuzi wa kuomba nafasi katika boti za wenzake, na boti yake inakwenda jikoni kwa Opoka.

Kaltumi ana umri wa miaka arobaini na sita. Familia yake ilikimbia nchi mwaka 1979 ulipoanguka utawala wa kijeshi uliokuwa na askari wengi wa Kinubi, wakati ambapo kuwa Mnubi tu kulikuwa kosa tosha. Walirudi vita vya 1986 vilipokwisha, wakakuta nyumba yao ina watu wengine. Akaolewa na Yasiin, seremala wa boti hapa Ggaba, na huyo ndiye aliyemfundisha kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao kwa patasi butu. Mikono ya Yasiin ilipoanza kutetemeka, mke akaendelea na kazi. Watu walicheka. Walicheka kwa msimu mmoja hivi, kisha wakaanza kumletea boti zao.

Siku hizi juu ya pamba huwekwa dawa ya kuziba inayouzwa kwenye tyubu, ambayo Ggaba nzima huiita silikoni hata kama siyo. Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Hununua ile ya vioo vya madirisha kwa sababu ni rahisi, nayo hubanduka kama utando wa maziwa baada ya safari chache. Kaltumi hupanda Old Kampala kwenye duka analolijua, na hagusi tyubu zilizopangwa mbele zinapopigwa na jua. Huomba katoni ya nyuma, husoma tarehe, kisha huiminya kila tyubu kwa kidole gumba kutoka mkiani hadi mdomoni. Akikuta donge, anairudisha. Muuzaji alikuwa akikasirika. Sasa humpa kiti.

Kuzihifadhi nako ni kazi. Stoo za mwaloni ni za mabati, na mchana zinachemka. Kaltumi huzipeleka tyubu zake nyumbani Namuwongo na kuzilaza ndani ya chungu cha udongo chini ya kitanda, juu ya matofali kwa hofu ya mafuriko. Kila moja imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye kiganja cha mchele mkavu wa kufyonza unyevu. Iliyokwisha kufunguliwa hupigiliwa msumari mdomoni. Majirani walipokiona chungu hicho kinafunikwa na kufunuliwa kila siku, wakaamua wenyewe kwamba Mama Zulaikha, kama wanavyomwita kwa jina la bintiye, ni mganga. Mmoja alikuja kuomba dawa ya kumtuliza mume.

"Nikamwambia, nyabo, mama yangu, hii inashika mbao tu," Kaltumi anakumbuka. "Wanaume haiwezi."

Anaposhika bunduki ya kusukumia dawa hiyo, vijana humtania kwamba damu ya askari haipotei. Hakatai. Babu yake, anasema, alipewa bunduki na serikali. Yeye ya kwake amenunua.

Boti ya Ajwang ilimtesa kuliko zote. Aliivuta juu, akakwangua dawa na rangi ya zamani hadi mbao safi, akaitandazia turubai ikauke kivulini. Siku ya kuziba alifika na kikapu chake na kuikuta imejaa maji hadi ukingoni. Kando yake alisimama Ajwang na ndoo, ana furaha ya mtu aliyetoa msaada.

Na kweli alidhani ametoa msaada. Kwao, boti iliyozibwa kwa pamba peke yake hujazwa maji ili mbao zivimbe na kuibana pamba. Alikuwa ameyafanya aliyoyaona kwa baba yake.

"Mama Zulaikha, nimeinywesha maji mpaka imeshiba," akasema. "Sasa wewe ni kupaka tu."

Kaltumi aliweka kikapu chake chini na kukikalia. "Pamba ilikuwa inataka mbao ishibe," akamjibu. "Hii inataka mbao iwe na njaa."

Ajwang alimsihi azibe hivyo hivyo. Wateja wake walikuwa wameanza kununua kwa wengine, na Opoka alikuwa akipita kila jioni kuitazama boti kwa jicho la mpishi. Kaltumi alikataa. Dawa ikipakwa juu ya mbao yenye maji, alisema, itakaa kwa adabu hadi katikati ya ziwa, kisha itaachia. Walisubiri majuma mawili mengine. Ajwang aliacha kumsalimu. Kaltumi hakujibizana naye; alichofanya ni kuzunguka kwa wenye boti kumwombea nafasi ya magunia yake, na wala hakumwambia. Ajwang alikuja kuambiwa na nahodha.

Sasa boti inarudi. Inagusa mchanga, na watu wanasogea karibu. Kaltumi anasimama, anageuka. Gurbaba ni kavu kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Makofi yanapigwa. Opoka anageuza mkokoteni wake, na kwa heshima yake tuseme kwamba anatabasamu.

Ajwang ameshaanza kuwaita wapakiaji, lakini Kaltumi hashuki. Anageuka tena kuwatazama watu, anashika nguo yake kwa mbele, karibu na goti, na kuinyoosha kila mtu aone. Kuna doa la maji, dogo kama kifuniko cha soda.

Hakuna ambaye angeliona. Yeye mwenyewe anainama na kuonyesha yalikotoka: tundu la msumari wa zamani, mbali na mshono. Kwa desturi ya Ggaba hana lawama yoyote, kwani aliitwa kuziba mshono, na mshono umekaa. Angeweza kushuka na kwenda nyumbani na sifa zake zote. Nimeandika habari za mafundi wengi katika kazi hii ya uandishi, na ni wachache niliowaona wakifanya alichokifanya mama huyu.

"Irudi juu," anasema. "Tundu moja linaita lingine."

Macho yote yanamgeukia Ajwang. Kwa majuma amesafiri kwa hisani ya boti za wenzake, na wapakiaji wake wameshabeba mabunda ya magunia matupu mabegani. Anaitazama boti, halafu gurbaba. Anaichukua ndoo yake, anaifudikiza mchangani na kuikalia.

"Ikauke," anasema. "Safari hii simwagi hata tone."

Kaltumi ana ndoto ya banda. Si kubwa: nguzo imara, paa la nyasi lisilochemka kama mabati, na kichumba cha udongo chenye kuta nene ambamo tyubu zake zitalala badala ya chini ya kitanda. Boti zitakaushwa hapo hata wakati wa mvua, miezi ambayo sasa hapati kazi kabisa. Miezi mizuri huziba boti tatu. "Mtu akiwa na kivuli, hatakuwa na haraka," anasema. Kiwanja kidogo ameshaonyeshwa. Nguzo ndizo zilizomshinda, kwa sababu zilizo imara hupatikana visiwani, naye hana boti ya kuzileta.

Juma lililofuata nilirudi Ggaba. Mbao ilikuwa imekauka na tundu limezibwa. Kaltumi aliketi mahali pake, na kabla boti haijasukumwa, Ajwang akaingia pia. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kanisani. Mwenye boti huwa hapandi safari hiyo, na watu walimwambia. Akaketi tu, bega kwa bega na fundi wake.

Waliporudi walisimama pamoja na kuwageuzia watu migongo. Wote wawili walikuwa wakavu.

Ajwang aliondoka kwenda Koome siku hiyo hiyo. Mzigo wake wa kwanza kurudi nao haukuwa mukene. Zilikuwa nguzo.