Aliyetupeleka Kuona Maua

Wasomaji wangu, juzi nikichagua viatu Soko la Toi, jirani yetu wa zamani alinishika bega akaniambia keateka wetu ameaga dunia. Nilirudisha kiatu kwenye rundo. Huyo ndiye aliyeangalia ploti tuliyopanga kule Kabiro, mtu wa kuchekesha watoto hadi wanasahau wametumwa maji, na nilimpenda kama mjomba. Sikujua nilie au nikasirike, na hata sasa naandika nikiwa katikati.

Kuna Jumamosi alitupanga wapangaji wote, familia nzima nzima, twende matembezi: bustani za maua upande wa Limuru, kisha kijiji cha kale kilichohifadhiwa na nyumba zake za nyasi. Alisema basi ni zawadi ya landlord. "Lakini pale getini ni wakali. Kila mtu abebe kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hata matokeo ya shule." Mama yangu, fundi wa nguo, akamcheka: "Kwani tunaenda kuandikwa kazi?" Akabeba hata hivyo, vyote ndani ya bahasha ya kaki. Getini hakuna aliyetuuliza hata jina. "Wee keateka, umenibebesha ofisi nzima!" mama akamtania, tukaangua kicheko. Keateka aliinamia waridi kama anayelinusa. Mimi nilikuwa naota mchana kweupe, namjengea mama nyumba iliyozungukwa na maua kama yale. Mama akanunua mche wa kupanda mlangoni petu. "Achana nao, mathe, utakauka," keateka akamwambia. "Mkono wangu haukaushi mche," mama akajibu. Kule kijijini mama alichungulia kibanda kimoja, akauliza wenyewe walienda wapi. "Walihamishwa, mama," mwelekezi akasema. Hapo keateka akatoka, eti anatafutia watoto soda.

Tukirudi, alishuka steji moja kabla ya yetu, eti mkate. Tulifika jua likiwaka kwenye mabati ya majirani, yetu hayakuwepo. Landlord alikuwa ameuza ploti, na tingatinga limesimama palipokuwa nyumba yetu. "Si keateka alisema mlishahama?" dereva wa tingatinga akatuuliza, ameshtuka kutuona. Mama alisimama na mche mkono huu, bahasha mkono ule. Cherehani yake ilikuwa chini ya kifusi. Keateka hatukumwona tena.

Siku hizi tuko Kambi Muru. Vyeti vyote tunavyo, na kila nikivishika nakumbuka kuna mtu aliyejua, akatuhurumia, halafu akachagua peke yake kitu gani chetu kiokolewe. Wengine wanasema alitishiwa kufutwa kazi, wengine wanasema alitusaidia. Labda yote ni kweli. Mazishi nitaenda. Mama amekataa, ana suruali ya mteja anaishona kwa mkono. Namwombea keateka apumzike, lakini huruma ya namna hiyo siitaki tena kutoka kwa yeyote. Ukijua ubaya unanijia, usinipeleke kuona maua. Niambie usoni, nilie nikiwa bado na muda wa kubeba cherehani.