Nilimlisha Mdogo Wangu Nisichokijua

Nimekosa, jamani, wala sitafuti wa kunitetea. Naandika haya huku mlango wa chumba cha mdogo wangu nimeuacha wazi ili nisikie anavyopumua.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, Mama akamfuata, nami nikaacha shule nikiwa darasa la saba, nikakaa kwenye cherehani kibarazani mwa duka hapa Msambweni. Kwa cherehani hiyo nimewalea wadogo zangu wawili: Salimu, ambaye sasa ni mwashi, na kitinda mimba wetu, ambaye hapa nitamwita Riziki.

Mama hakutuachia mali. Aliniachia neno moja la kushika: Riziki asile kamba. Alipokuwa mdogo alionja mchuzi wa kamba kwa jirani, uso ukavimba hata macho yakapotea. Tangu siku hiyo kamba hawakuingia nyumbani kwetu. Kwa mtu wa pwani hiyo si kazi ndogo! Hata harusini nilikuwa nikionja sahani yake kabla hajaigusa. Miaka yote hiyo sikukosea.

Mwaka huu Riziki amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Kwa furaha nikasema nitawapeleka Diani, kwenye ule mkahawa wa vyakula vya Kichina, Kijapani na Kithai. Niliwahi kuwashonea wahudumu wake aproni, lakini siku zote niliishia mlango wa jikoni. Safari hii niliingia kwa mlango wa mbele, na dera jipya mwilini.

Tulipoketi, mhudumu, kijana wa bara, akatuletea menyu. Kiingereza kitupu, na majina mengine hata Kiingereza si Kiingereza. Riziki akanyoosha mkono.

"Lete nikusomee, Dada."

"Tulia wewe. Leo mimi ndiye mwenyeji."

Hapo ndipo nilipoponzeka! Niliona haya mdogo wangu anisomee mbele za watu. Nikamuuliza mhudumu swali moja tu, lile tunalouliza sisi tukiingia pahali pageni: "Chakula chenu ni halali?"

"Halali kabisa, madam. Nguruwe hatupiki."

Moyo ukatua, nikawa kama mtu aliyekwisha kuuliza yote. Nikaonyesha picha kwa kidole: hii, na hii, na ile.

Sushi ikaja kwanza, vitonge vya wali vilivyofungwa kwa utando mweusi, na juu yake samaki mbichi. Salimu akakigeuza kimoja.

"Mpishi ameishiwa gesi?"

"Kula, usitutie aibu."

"Na hili jeusi si mwani? Wallahi, Dada, akina mama wa Kibuyuni wanauanika juani kila siku, nawe umetuvalisha viatu kuja kuula Diani!"

Riziki alicheka hadi machozi. Hata mhudumu alicheka. Laiti tungeishia pale!

Kikaja kikapu cha mianzi kinachofuka mvuke. Ndani mlikuwa na vitu mfano wa sambusa ndogo zisizokaangwa, unga wake mwembamba hata unaona kilichomo. Niliona wekundu. Wallahi niliuona! Nikajiambia ni karoti.

"Mna nini ndani, Dada?" Riziki akaniuliza.

"Kuku."

"Una hakika?"

"Nani ameagiza, mimi au wewe?"

Kwetu, siku ya furaha, mkubwa humlisha anayepongezwa tonge la kwanza, na tonge la mkono wa mkubwa halirudishwi. Nilikuwa nimekaa mahali pa mama yake. Nikasema bismillahi, nikamtia mdomoni. Akatafuna, akameza, akanitabasamia.

Kwanza alikohoa. Kisha akajikuna shingo. "Dada, ulimi wangu mzito." Midomo ikaanza kuvimba mbele ya macho yangu. Akashika koo, na pumzi yake ikawa inatoa mluzi. Ya Rabbi, mluzi ule! Nilikimbia nje kusimamisha tuktuk, nyuma yangu Salimu akimpigia mhudumu kelele huku amembeba Riziki mikononi. Njiani nilimshika mdogo wangu kidevu, nikahesabu kila pumzi, na kila moja niliidhani ya mwisho. Kucha zake zilikuwa zimebadilika rangi.

Tulipofika kwenye kliniki, daktari akauliza, "Amekula nini?"

Nami, jamani, nikasema, "Kuku."

Mpaka leo sijielewi! Mtoto anakufa, nami bado naulinda ule uongo wangu wa mezani. Nilijua moyoni. Nilikwisha kujua tangu alipokohoa.

"Si kuku!" Salimu akanisukuma kando. "Ni kamba, daktari! Nimemuuliza mhudumu. Kamba humdhuru tangu utotoni."

Papo hapo akadungwa sindano ya paja na kuwekewa hewa usoni. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, nikausikiliza ule mluzi ukipungua taratibu, nami nikiogopa kwamba kinachopungua ni yeye.

Alhamdulillahi, yuko hai. Salimu hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, hata kwa daktari?" Heri angenipiga.

Riziki naye hajanilaumu hata kwa jicho. Lakini Ijumaa iliyopita nilipika pilau. Kuku nilimnunua hai, nikamkata mwenyewe kwa mkono huu huu. Nikafinyanga tonge, nikamnyooshea kama zamani. Akanishika kifundo cha mkono, kwa adabu, polepole.

"Weka sahanini, Dada. Nitakula."

Kisha akaanza kuufungua wali kwa kidole, akitafuta.

Nyinyi mnaolea, mnaotazamwa kama baba na mama, nawasihi: mtoto akikuuliza mna nini ndani, na hujui, mwambie hujui. Mpe menyu akusomee. Mwite mhudumu mara ya pili, hata meza nzima ikugeukie! Mimi niliona haya kusema sijui, na sasa mkono wangu unarudi na tonge lake.