Hakimu Marlys na Bata Bukini wa Orrin

Siku Orrin Stegall alipomwona Marlys Vandewater kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa mlangoni mwa kituo cha zimamoto akiwafokea vijana.

"Liondoeni hilo gari, jamani! Mnataka nihukumu watu juu ya matairi?"

Kila Jumanne jioni gari la zimamoto lilitolewa nje, viti vikapangwa, na pale pakawa mahakama ya mji wao mdogo, kaskazini mwa New York. Mchana Marlys alikuwa kinyozi; jioni alivaa joho jeusi. Hakusomea uwakili, ila alihudhuria mafunzo ya mahakimu kila mwaka, na watu walimchagua kwa kura uchaguzi baada ya uchaguzi. Aliowatoza faini Jumanne walikwenda kwake Jumamosi kukatwa nywele, wakamwachia masikio yao bila woga.

Orrin alishtakiwa kwa kufuga bata bukini. Halmashauri ya mji ilikuwa imepiga marufuku kufuga ndege, na jirani mgeni, aliyechoshwa na kelele za bata hao, alikuwa amepeleka malalamiko. Akishindwa, bata wote wangeondolewa, na hakuwa na kazi nyingine. Lakini kusimama mbele za watu kulimtesa kuliko hasara.

"Nina hatia, Mheshimiwa," alinong'ona kabla hajaulizwa.

"Hatia ya nini?"

"Ya... chochote kilichoandikwa hapo."

Watu wakaangua kicheko. Marlys hakucheka.

"Bwana Stegall, hapa hatukiri kosa ili tuwahi chakula. Sheria ya mji iko chini ya sheria ya jimbo, na zote ziko chini ya Katiba. Ya chini ikigongana na ya juu, ya chini inanyamaza. Mimi si wakili wako, siwezi kukutafutia utetezi. Nenda kaulize shamba lako linalindwa na nini. Ukirudi, uje na sauti."

Orrin alikwenda ofisi ya kilimo. Akaambiwa shamba lake limo katika eneo la kilimo, na sheria ya jimbo inauzuia mji kuwabana wakulima wa humo bila sababu ya afya au usalama. Tena mahakama ya juu ilishaamua hivyo katika kesi ya nguruwe, na mahakimu wa chini hufuata uamuzi huo.

Jumanne iliyofuata alirudi mahakamani.

"Shamba langu..." alianza, akikitazama kiatu chake.

"Hata bata wako wana sauti kuliko wewe!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Nyamaza, Hollis, au ukasikilizie nje!" alisema Marlys.

Orrin akavuta pumzi. "Shamba langu liko eneo la kilimo! Sheria ya jimbo inanilinda! Na kuna kesi ya nguruwe!"

Marlys akamgeukia wakili wa mji. "Bwana Pruitt, kesi hiyo unaijua?"

"Naijua, Mheshimiwa. Nilikuwa naifikia."

"Kwa mwendo wa konokono? Haya, bata hawa wana hatari gani?"

"Kelele tu, Mheshimiwa."

"Kelele si ugonjwa. Kesi imefutwa."

Kabla theluji haijaanguka, Marlys alihamia Ohio kwa binti yake, na Orrin hakumwona tena. Jioni ile ya hukumu alikuwa amemfuata mlangoni amshukuru.

"Usinishukuru," Marlys alimwambia, akilivua joho. "Sheria ingesema vingine, bata ungewaaga. Ila siku ukiitwa kukaa na raia wenzako kuamua kesi ya mtu, usikwepe, nenda. Wewe unajua jinsi mtu anavyoweza kusema ana hatia kwa sababu tu ya aibu."