Zamu ya Kajetani Kituoni Idunduma

Kaka yangu Kajetani nampenda, tena sana, lakini kuna wiki moja nilitamani nimnase kibao palepale jukwaani, na kofia yake ya kazi kichwani. Watu wa mtaa wetu wa Majengo wakiniuliza habari zake, mimi hujibu tu, "Mzima." Nikianza kueleza nitajipandisha presha bure.

Sisi tumezaliwa Songea, na Songea haina reli. Tunaahidiwa, tunapiga makofi, tunarudi kupanda basi. Kajetani yeye aliifuata mwenyewe. Wachina walipoanza kujenga, aliondoka na vijana wenzake kwenda upande wa Makambako kubeba kokoto. Wenzake walirudi na redio na mabati. Yeye akabaki hukohuko, akapewa kazi kwenye kituo cha kijiji cha Idunduma: kufagia, kupakia vifurushi, kuinua bendera treni ikija.

Mgala muue na haki yake mpe, kile kilikuwa kituo. Nilikiona wakati mkewe yuko hai. Kulikuwa na dirisha la tiketi, simu ya kuzungusha kwa mkono, chumba cha vifurushi kilichonuka viazi na kuku, na bomba ambalo kijiji kizima kilichota maji. Mgonjwa wa kwenda hospitali alipakiwa pale. Mwalimu mpya alishuka pale na godoro lake. Hata gazeti lilifika pale, limeshazeeka, likasomwa hivyohivyo kwa zamu mpaka likachanika.

Ndipo ikaja hii miaka ya soko huria. Wenye malori wakaingia mpaka mashambani kuchukua viazi, na huko reli wakaanza kupunguza watu. Idunduma aliondoka karani, akaondoka mlinzi, mwishowe mkuu wa kituo mwenyewe akamkabidhi Kajetani funguo, akapanda treni. Waya za simu zikaibwa, wala hakuja mtu kuzirudisha. Mshahara ukawa unakuja ukipenda. Kaka yangu akabaki peke yake, yeye mkuu, yeye karani, yeye mpagazi, yeye mfagiaji.

Mkewe alikuwa ameshafariki, na binti yao Adela nimemlea mimi. Kipaimara chake, baba hakuja. Mahafali yake, baba hakuja. Kila mara sababu ni ileile: kituo hakiachwi. Kwa watu wa reli, zamu hukabidhiwa mtu kwa mtu, funguo mkono kwa mkono. Ukiondoka mwenzako hajafika, umekimbia kazi. Na miaka ile ya kupunguzana, aliyekimbia kazi alifukuzwa bila hata kiinua mgongo. Kwa hiyo sikusema ni mjinga. Nilisema ni mbishi.

Sasa Adela alikuwa anaweka nadhiri za kwanza za usista, siku ya Jumamosi. Siku hiyo baba humshika binti mkono tangu mlangoni mwa kanisa mpaka altareni, akamtoa mbele ya watu wote. Adela aliniambia, "Shangazi, safari hii nataka baba aje anitoe. Sina ombi lingine." Yule mtoto hajui kuomba vitu. Nikafunga kibanda changu cha mitumba, nikapanda basi.

Pale Makambako niliomba tiketi ya Idunduma. Karani akasema, "Treni haisimami huko, mama." Nikadandia lori la mbao, nikafika Jumanne jioni, kiuno hakina kazi tena.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mlongo wangu. Karibu kituoni."

Kituoni! Si nyumbani, kituoni. Bomba limekauka, mlango wa vifurushi umeliwa na mchwa, lakini jukwaa limefagiliwa utadhani anakuja askofu.

"Nimekuja kukuchukua," nikamwambia. "Adela Jumamosi anaweka nadhiri."

"Najua. Aliniandikia mapema mwaka huu, na ruhusa nikaomba palepale. Nilimwagiza mkuu wa treni, akaniahidi mbadala wa wiki hii. Atashuka kesho kwenye treni ya abiria. Nikishamkabidhi tu, tunaondoka."

"Kaka, hiyo treni inasimama hapa?"

"Kwa nini isisimame?"

"Karani wa Makambako amesema haisimami."

"Huyo mgeni huyo."

"Mara ya mwisho ilisimama lini?"

Akakuna shingo. "Kabla ya Pasaka. Wameweka madereva wapya, hawajaizoea njia."

Mama yangu weee! Pasaka ilishapita, mahindi yalishavunwa. Lakini ni mkubwa wangu, nikaingia kumpikia.

Jumatano akavaa koti, akapiga kile kipande cha reli kilichoning'inizwa kuwa kengele, akasimama na bendera nyekundu. Akinamama wawili wenye kuku walikuwa wamekaa kwenye benchi, nao wanangoja kwa kubahatisha. Treni ikatokea, ikapiga honi, ikapita moja kwa moja. Upepo wake ukamvua kofia. Akaifuata, akaiokota, akaipangusa.

"Mbadala atakuja na ya mizigo kesho," akasema.

"Kajetani, ngoja ngoja huumiza matumbo. Funga mlango twende."

"Nimkabidhi nani?"

"Wakabidhi kuku!"

Wale akinamama wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia taratibu kwamba tangu ujana wake hajawahi kukimbia zamu, na hataanza akiwa na mvi. Nikalia kwa hasira. Ningeondoka peke yangu, lakini ningemwangaliaje Adela usoni?

Alhamisi treni ya mizigo ikapita vilevile. Ijumaa mchana ikaja toroli ya watengeneza njia, na juu yake nyapara wao, Osmund, ambaye Kajetani alifahamiana naye tangu enzi za kokoto.

"Ala! Kajetani, bado uko hapa? Unafanya nini?"

"Nangoja mbadala."

"Mbadala wa nini? Idunduma si walishaifuta! Tangu Pasaka. Walitutangazia wote Makambako. Hawakukwambia?"

Angeambiwa na nani? Simu haipo, na habari zote za Idunduma zililetwa na treni, na treni haisimami. Wakubwa walikifuta kituo, wakamsahau mtu ndani yake. Nilitukana siku ile, Mungu anisamehe, nilitukana kwa Kiswahili na kwa Kingoni.

Kajetani alikaa kwenye benchi na wale wenye kuku, waliokuwa wamerudi kungoja tena. Halafu akauliza, "Funguo nimpe nani?"

"Kaa nazo tu, ndugu yangu," Osmund akasema, akiangalia pembeni.

Alitupakia kwenye toroli mpaka barabarani, tukapata lori, lakini tulipofika Makambako basi la mwisho la Songea lilikuwa limeondoka. Tukalala stendi. Asubuhi tukapanda la kwanza, nalo likajaza abiria Njombe, likajaza tena Madaba, kila kichaka lina mtu wake. Kajetani alikaa dirishani na koti lake la reli. Mimi ndiye niliyekuwa namgombeza konda njia nzima.

Tulipofika kwa masista, misa ilikuwa imekwisha na watu wanakula. Mshereheshaji alipotuona akatangaza kwa kipaza sauti, "Baba mzazi amefika! Makofi!" Wakapiga makofi na vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke. Otto, mjomba wake Adela, alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba. Akainuka upesi kama aliyekaa juu ya siafu.

Adela akaja, ana shela nyeupe, akapiga magoti mbele ya baba yake. Nikawahi mimi, "Mwanangu, tusamehe, usafiri—"

"Msihangaike, Shangazi." Wala hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama Mkuu alitaka wamsubiri baba, mimi ndiye niliyewaambia waanze. Baba, nilijua uko kazini."

Kajetani akamtazama mtoto wake. Akavua kofia.

"Sikuwa kazini, mama," akasema.