Clip ya "Nyota ya Kaskazini" ilivyotupoteza mashambani Chamwino, dada yangu pumu imembana

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe na siongezi chumvi. Hasira nilizonazo zinatosha.

Mimi ni mama, naishi Dodoma mjini, kazini kwangu ni Mtumba. Dada yangu mkubwa, Rehema, ameolewa kijijini, kaskazini ya Buigiri, ndani ndani huko. Ana pumu tangu utoto.

Mwezi wa tano, wakati wa vumbi la mavuno, jirani yake akanipigia jioni. Dada amebanwa, inhaler imeisha, zahanati ya kule hawana, na mumewe kasafiri.

Nikakimbilia duka la dawa. Mume wangu, tumwite Baba Sabra, akawasha pikipiki. Dawa nikaitia kifuani ndani ya nguo, tukaondoka.

Buigiri tukasimama kando ya barabara tukasali magharibi, kisha tukaingia njia ya kijijini. (Hiyo sala ishikeni, nitairudia.)

Sasa, ile njia tuliyoizoea mvua zilikuwa zimeikata, limebaki korongo. Ikabidi tuzunguke kwa mashambani. Vijia vingi, mtama umetuzidi kimo, taa ya pikipiki inamulika mabua tu. Network hakuna, ramani kwenye simu imeganda.

Tukapotea.

Baba Sabra akazima pikipiki, akatazama juu, akatabasamu. Wallahi alitabasamu!

"Usihofu Mama Sabra. Kuna clip niliiona. Nyota inayong'aa kuliko zote ndiyo Nyota ya Kaskazini. Ile pale! Tukiifuata tunatokea kwa shemeji."

Nikamwambia, "Ile si ndiyo inayotokaga mapema, kule kule jua linakozama?"

"Wewe tulia. Jamaa ana followers kibao."

Haya. Followers kibao. Mwenzenu nikapanda nyuma, maana pikipiki anaendesha yeye na sikio la kufa halisikii dawa.

Tukaifuata. Miiba inanichana miguu, matuta ya shamba yananirusha. Kila nikijigusa naikuta dawa iko kifuani kwangu, na kifua kinachoihitaji kiko sijui wapi. Nililia kimya kimya huko nyuma, sitawaficha.

Mara nikaona nyota yetu inashuka. Inashuka. Ikaingia nyuma ya kilima, ikapotea.

Nyota ya Kaskazini imezama jamani! Mmeona wapi?

Nikashuka kwenye pikipiki. Hapo niliwaka.

"Baba Sabra, pale Buigiri umesali umeelekea wapi?"

"Kibla."

"Na kibla huku kwetu Dodoma ni upande gani?"

"Kaskazini."

"Na jua lilikuwa linazama upande wako upi?"

Akanyanyua mkono wa kushoto, taratibu. Halafu akatazama kule nyota ilikozamia.

Mtu mzima, anasali mara tano kwa siku tangu utoto wake, kaskazini anaijua kwa paji la uso! Anakuja kufundishwa na kijana wa kwenye simu, anakimbiza machweo.

Marehemu baba yetu alikuwa anazunguka minadani kununua mazao. Usiku ukimkuta njiani, anautafuta Msalaba wa Kusini: nyota nne, na pembeni mbili kali zinazouonyesha. Mwezi huo, saa zile za usiku, unasimama wima. Ukiupa mgongo, uso umeelekea kibla. Hivyo ndivyo alivyotufundisha, mimi na Rehema.

Nikageuka, nikauona.

"Tumekwenda sana magharibi. Sasa utaendesha ninavyokwambia mimi. Msalaba ukae nyuma ya bega lako la kulia, ukihama nakufinya."

Nilimfinya mara kadhaa. Mbwa wakabweka, tukaona taa ya msikiti wa kijijini.

Dada tulimkuta kizingitini, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Nikamtolea salamu, hakuweza kuitikia. Nikamshikia dawa mdomoni, akavuta. Akavuta tena. Nikamshika mgongo mpaka nikasikia pumzi inaingia.

Neno lake la kwanza: "Mlikuwa wapi?"

Baba Sabra akatazama viatu vyake.

Niliporudi mjini nikaitafuta ile clip, nikamweleza mwenyewe yaliyotupata. Akanijibu: "Sister hiyo ni content tu, usichukulie serious. Follow for more."

Content! Dada yangu anakata roho, wewe unatafuta likes?

Nikauliza wanaojua. Ile tuliyoifuata ni sayari ya Zuhura (Venus), ikionekana jioni huwa iko magharibi. Nyota ya Kaskazini halisi wala siyo inayong'aa kuliko zote, na huku kwetu kusini mwa ikweta haionekani, iko chini ya upeo wa macho. Kijana kaokota mambo ya nchi za mbali, nayo kayanukuu vibaya, akatumwagia.

Nilichojifunza wakuu: kabla hujamfuata mtu wa kwenye simu, jiulize jua la leo umeliona linazama wapi. Basi.

Mliowahi kupotezwa na hizi clip karibuni mseme, msiniache peke yangu na hasira hizi. Na yule kijana akipita humu, simdai msamaha. Amjibu dada yangu tu: tulikuwa wapi?