Godoro la Msafiri

Bweni la wanaume la kampasi yetu hapa Lodwar limeezekwa mabati, na aliyelichora bila shaka hakuwahi kulala chini ya mabati Lodwar. Chuo ni cha Kikatoliki, kwa hiyo kila mlango una msalaba juu yake, na wengi wetu tuliutazama huku tukiomba feni. Mimi ni Mturkana, mwana wa Kalokol kando ya ziwa, nimekulia kwenye mchanga na harufu ya samaki wa kukaushwa. Nililala sakafuni juu ya mkeka, na kitanda changu nikakifanya kabati la nguo.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa Mkongo aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kanisa lilimlipia masomo ya ualimu, naye alikuwa na akili kuliko sisi sote, jambo ambalo sikumsamehe upesi. Alitandika kitanda kila asubuhi utadhani askofu anakuja kukagua. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu awe mwalimu.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yake: yeye na mama yake wamekubaliwa kwenda Marekani. Walikuwa wameingoja habari hiyo tangu akiwa mtoto. Hakushangilia. Alikaa kitandani akifuta kioo cha simu kwa shati, kisha akaanza kugawa vitu.

Kambini, anayesafiri hagawi kwa ukarimu tu. Anagawa asibakize chochote cha kuitwa chake, kwa kuwa kitu kilichobaki humvuta mwenyewe nyuma. Ndoo ikaenda, chandarua kikaenda, sahani na viatu vya mvua ambavyo Lodwar havikuwa na kazi vikaenda. Mimi nilimcheka. Kwetu mtu akisafiri huacha mbuzi nyumbani, ili awe na sababu ya kurudi.

Padri mlezi wa bweni alikuja kumsihi.

"Kijana, acha hata godoro. Ukishaona mlango ya ndege, ndio ugawe."

"Hapana, Father. Ukiacha hata kijiko, safari itakukatala."

Godoro akanipa mimi. Alisema, "Hii matela ni yako sasa, ndugu. Ulale juu yake." Nikaitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa.

Alipoondoka kwenda Kakuma kungoja ndege nililirudisha kitandani kwake, nikalitandika shuka vizuri kama alivyozoea yeye. Sikuiamini ile ndege. Mturkana ameahidiwa maji, barabara na mafuta, na bado anachimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji ya kunywa. Nilimpenda yule mtu, ndiyo sababu nilimwekea mahali pake.

Haikupita muda tukasikia redioni kwamba safari zote za wakimbizi kwenda Marekani zimesimamishwa. Padri aliniita baada ya misa. Alikuwa amezungumza na wafadhili: kitanda na masomo vingemngoja mwenzangu hadi mhula ufunguliwe, baada ya hapo nafasi angepewa mwingine. Nikapanda gari la Kakuma asubuhi iliyofuata, nina furaha ya kipumbavu, kama mjumbe wa arusi.

Nilimkuta nje ya nyumba yao, amekonda. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena. Ndani hapakuwa na kitu ila mikeka. Mama yake alikuwa akikoroga uji katika sufuria aliyoniambia ameiazima kwa jirani. Baadaye nikaelewa kwamba ilikuwa sufuria yake mwenyewe, aliyoigawa, na kila jioni ilimbidi airudishe.

"Ejok," mwenzangu alinisalimu Kiturkana, kwa lafudhi ileile niliyokuwa nikiitania.

"Ejok. Father amesema kitanda yako iko. Masomo iko. Urudi tu."

Sikuona furaha usoni mwake.

"Kitanda gani? Ile matela, hulali juu yake?"

"Silali. Niliirudisha kwa kitanda yako. Nimekuwekea."

Mama aliacha kukoroga. Mwenzangu alifunika uso kwa mikono, akasema polepole, bila ukali, "Njo maana. Njo maana safari ilinikatala."

Nilikasirika. Nilimwambia safari imezuiwa na wakubwa wa huko ng'ambo ambao hawajawahi kusikia habari ya godoro lake, na kwamba mtu aliyesoma hawezi kuongea hivyo. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikaishiwa.

"Nikirudi kwa kile kitanda, nitakuwa nimekubali siendi," alisema. "Mama atakufa hapa. Nakuomba, ndugu. Uende ulale juu ya ile matela."

Mama alinitazama, na macho yake yaliniomba vilevile.

Nilirudi Lodwar na jibu ambalo padri hakutaka kulisikia. Chumbani, godoro lilikuwa limetandikwa kama nilivyoliacha. Nilitaka kumdanganya mwenzangu kwamba nalilalia, nikashindwa. Nililivuta hadi sakafuni nikajilaza juu yake katika joto lile la mchana, nikalia kwa hasira, maana nilijua ninachokifanya.

Mhula ukafunguliwa. Kitanda chake akapewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaja na godoro lake.

Mwenzangu yuko Kakuma hadi leo. Huniandikia mara kwa mara, na haulizi habari za chuo. Huuliza kama bado nalala juu ya lile godoro. Namjibu ndiyo, naye hunishukuru.